Tiba Inayoanzia Mkekani: Hotuba kwa Wazazi na Wanafunzi wa Kinezi, Bukavu

Waheshimiwa viongozi, wazazi wapenzi, walimu, waganga na wauguzi, nanyi wanafunzi wa kinezi, yaani tiba ya mwendo, mliokuja kwa wingi, kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake, nawasalimu.

Niliombwa nizungumze juu ya tiba ya viungo kwa watoto, na waandaaji wakaniachia uhuru wa kuchagua upande nitakaoushika. Nimechagua upande unaoleta ubishi mwingi kati yetu na wazazi, na wakati mwingine kati yetu sisi wenyewe tunaofanya kazi hii: kwamba mahali pa tiba ya mtoto mwenye ulemavu wa viungo ni nyumbani kwao, kwamba wenye tiba hiyo ni jamaa yake, na kwamba njia yake kuu ni mchezo. Sisemi kwamba mchezo ni peremende anayopewa mtoto ili akubali kufanya mazoezi. Nasema mchezo ndio mazoezi yenyewe, na mahali ulipokosekana, mara nyingi mazoezi nayo hayakufanyika, hata kama fishi, ile kadi yake ya hospitali, inaonyesha kwamba mtoto alihudhuria.

Tuelewane kwanza ni watoto gani ninaowazungumzia. Wengi wanaoletwa kwetu wana mtindio wa ubongo, wale ambao kwenye fishi tunawaandika IMC, kifupi cha jina lake la Kifaransa, infirmité motrice cérébrale. Masimulizi ya mama zao hufanana: mtoto hakulia alipozaliwa, au alizaliwa kabla ya miezi kutimia, au alipata manjano makali katika siku za kwanza na hakuna aliyeyatilia maanani, au alishikwa na malaria iliyopanda kichwani, akapona homa, lakini hakuamka akiwa yule aliyelala. Wapo na wengine: waliozaliwa na nyayo zilizopinda, waliovutwa bega wakati wa kuzaliwa, waliodungwa sindano ya kinini pabaya kwenye tako ikaumiza neva ya mguu, walioangukia mbabula, lile jiko la makaa, na kiganja kikajikunja kwa kovu. Katika mtindio, jeraha la ubongo lenyewe haliendelei kukua. Kinachobadilika ni mwili unaokua juu ya jeraha hilo, misuli inayokaza na mifupa inayorefuka, na ndiyo sababu mtoto ambaye akiwa na miaka 2 anaonekana mwepesi kumbeba na kumgeuza anaweza kufika miaka 6 akiwa na nyonga iliyotoka mahali pake.

Kuwahudumia watoto hawa kuna fani mbili. Kinezi, ambayo majirani zetu wa Tanzania na Kenya huiita fiziotherapia, hushughulikia mwendo: kuinua kichwa, kuketi, kusimama, kutembea, kupumua vizuri. Ergoterapia, ambayo wao huiita tiba kwa vitendo, huuliza mtoto anafanya nini na mwendo huo: kula, kuvaa, kuoga, kuandika, kucheza na wenzake. Kwetu watu wa ergoterapia ni wachache kuliko wa kinezi, kwa hiyo mtu wa kinezi mara nyingi hujikuta akifanya kazi zote mbili. Katika chumba cha mtoto sioni vibaya iwe hivyo, kwa sababu mtoto hajui tofauti ya kutembea na kwenda kuchukua mpira.

Najua jambo ninalolisema halipokelewi kwa urahisi. Mama anayeteremka kutoka Cimpunda na mtoto mgongoni, ambaye ameacha meza yake ya nyanya bila mwangalizi na pengine amekopa pesa za pikipiki, hatarajii kukuta mtu mzima mwenye koti jeupe ameketi sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Anatarajia mashine yenye nyaya. Asipoiona mashine, basi walau masaji ya mafuta, na mtoto avutwe miguu mpaka alie, kwa maana kilio kinaonekana kuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika. Wapo hata wanaoichukua methali isemayo samaki mkunje angali mbichi kama kanuni ya matibabu, na nimewaona wakimkunja mtoto kweli kweli. Siwalaumu wazazi. Walijifunza hayo kwetu.

Kwa miaka mingi fani yetu yenyewe ilifundisha kwamba mtaalamu ndiye anayetenda na mtoto ndiye anayetendewa. Kuanzia miaka ya 1940, huko London, Berta Bobath na mumewe Karel walijenga njia ya kumshika na kumwongoza mtoto ili misuli iliyokaza ilegee na mwendo wa kawaida upate nafasi. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu watoto wa namna hiyo walikuwa wakihesabiwa kuwa hawana la kusaidiwa, na njia hiyo ikaenea dunia nzima. Lakini utafiti haukusimama hapo. Iona Novak wa Australia pamoja na wenzake walikusanya tafiti juu ya tiba za mtindio wa ubongo, wakachapisha mwaka 2013 na tena mwaka 2020, wakazipanga tiba hizo kwa rangi za taa za barabarani ili hata asiyesoma majarida aelewe. Zilizopata kijani katika upande wa viungo ni zile ambazo mtoto mwenyewe anafanya kazi: mazoezi yenye lengo analolitaka, mafunzo ya kutumia mikono miwili pamoja, kuufunika mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na programu za nyumbani zinazoongozwa na mtaalamu. Kumnyoosha mtoto aliyelala tu, au kumsogeza huku yeye akingoja imalizike, hakukupata kijani.

Sababu yake inaeleweka. Ubongo hujipanga upya pale kitendo chenye maana kinaporudiwa, mtu akijaribu mwenyewe, akikosa, akabadilisha kidogo, akajaribu tena. Kurudia kwenyewe kunahitajika kwingi mno, na hakuna mtoto wa miaka 3 anayeweza kurudia kwingi namna hiyo jambo ambalo halimpendezi. Mwambie anyooshe mkono mara kumi, atakununia kwenye mara ya tatu. Mpe kikopo na beseni ya maji, halafu wewe ndiye utakayechoka kwanza.

Kuna pia hesabu ambayo napenda wanafunzi waiweke kichwani. Mtoto anayeletwa mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, anapata saa 1 ya mtaalamu. Mtoto huyo huyo yuko macho takriban saa 12 kila siku, yaani saa 84 kwa juma, na zile 83 zilizobaki yuko na mama, bibi, dada, kaka na watoto wa jirani. Kama saa yetu moja haikubadilisha chochote katika zile 83, tumefanya kazi ndogo sana, hata tukiwa mafundi kiasi gani. Na kinyume chake ni kweli: saa moja iliyotumika kumfundisha bibi namna ya kuketi na mjukuu wake inaendelea kufanya kazi sisi tukiwa tumelala.

Niruhusuni nitoe mfano mmoja na kuukalia kwa muda. Chukueni mtoto wa kiume wa miaka 4 ambaye upande wake wa kuume ni dhaifu: kiganja kimefumbwa, kiwiko kimekunjwa, na kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto. Mama yake huvuka mto Ruzizi kwenda Rwanda kila alfajiri na bidhaa zake na kurudi jioni, kwa hiyo mtoto hushinda na bibi yake, ambaye nyumba nzima inamwita Koko. Koko hana nafasi ya mazoezi. Ana maharagi ya kuchambua, sombe (majani ya muhogo) ya kutwanga na bidoni, yaani madumu, za maji zinazomsubiri. Basi tuanzie kwenye maharagi. Mtoto anaketi mkekani kati ya miguu ya Koko, mgongo wake ukiegemea tumbo la bibi, ungo uko mbele yao. Mkono wa kushoto unaokota punje, mkono wa kuume unashika kopo tupu la maziwa ya unga. Ni hilo tu. Kopo lisiposhikwa huanguka na punje humwagika, na mtoto, ambaye anapenda ule mlio wa punje zinapogonga bati, hataki zimwagike. Kwa hiyo mkono ambao mtaalamu angeuomba mara nyingi bila kuitikiwa unafunguka wenyewe na kulishika kopo.

Siku za kwanza kopo liwe jepesi, na lizungushiwe kipande cha kikwembe, yaani kitenge, ili lisiteleze. Likishazoeleka, Koko anausogeza ungo upande wa kuume, na mtoto analazimika kuzungusha kiuno na kuuegemea mkono wake dhaifu ili afikie. Kisha kopo linabadilishwa na chupa yenye mdomo mwembamba ambayo lazima ishikwe wima. Baadaye tena wanashindana, punje nyeupe za Koko na punje nyekundu za mjukuu, na Koko, kwa sheria isiyoandikwa popote, hushindwa mara nyingi zaidi kuliko anavyoshinda. Ndani ya dakika hizo 15 mna kifua na mgongo, bega, kifundo cha mkono, mikono miwili inayosikilizana, kuhesabu, kungoja zamu, na maharagi ya jioni yaliyochambuliwa. Kwa mtoto mdogo zaidi, au yeyote ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni au puani, punje ziachwe, vitumike viazi vidogo au magunzi ya mahindi, kwa sababu punje ya haragi kwenye njia ya hewa si jambo la mzaha.

Mwanafunzi ataniuliza: hapo mtaalamu yuko wapi? Yuko kwenye jicho. Ndiye aliyeona kwamba ungo ukiwekwa kushoto mkono wa kuume hulala, ndiye aliyejua ni lini kopo libadilishwe, na ndiye atakayerudi kuona kama bega limeanza kupanda juu kwa kujilazimisha mno. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuvuta miguu, na haionekani.

Mkono wenye nguvu unaweza pia kufunikwa kwa soksi, na mtoto akaambiwa kwamba leo mkono huo ni mamba aliyelala. Mchezo huo ufanywe kwa muda uliopangwa, mtu mzima akiwa karibu, kamwe si wakati wa kutembea kwenye mteremko, na si kwa mtoto mchanga bila ushauri wa mtaalamu. Ukigeuka kuwa adhabu, mtoto ataichukia soksi, na baada ya soksi atatuchukia sisi.

Hapo niseme neno kwa wazazi wenye watoto wachanga. Mtoto mwenye afya hutumia mikono yote miwili kabla ya kutimiza mwaka. Akiwa na miezi 8 na tayari anachagua mkono mmoja daima, watu hufurahi na kusema amerithi kushoto ya babu yake. Mleteni, hata kama babu kweli alikuwa wa kushoto. Mleteni pia yule ambaye miezi 4 imepita na kichwa bado kinaanguka, au ngumi hazifunguki, au mwili unajipinda nyuma kama upinde kila anapobebwa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kwamba karibu wote huketi bila msaada kabla ya miezi 9 na nusu, na hutembea peke yao kabla ya miezi 18. Msingoje miaka mitatu mkiambiwa kwamba atachelewa tu. Kati ya watoto wenye mtindio, sehemu kubwa ya uwezo wa mwendo, takriban asilimia 90, hufikiwa wanapokaribia miaka 5, na kwa wale walioathirika zaidi hufikiwa mapema kuliko hapo.

Wazazi huniuliza swali moja kabla ya yote: atatembea? Wana haki ya jibu la kweli. Tangu mwaka 1997 tuna kipimo kilichotengenezwa Kanada na Robert Palisano na wenzake, chenye ngazi 5, kuanzia mtoto anayetembea na kukimbia kwa ugumu kidogo mpaka yule ambaye hawezi kuzuia kichwa chake bila msaada. Mtoto anayeketi bila kushikwa kabla ya miaka 2 ana matumaini makubwa ya kutembea siku moja. Yule wa ngazi ya 5 hatatembea, na kumwahidi mama yake kinyume cha hapo ni kumtuma auze shamba kutafuta hospitali baada ya hospitali. Lakini mtoto huyo huyo anaweza kuketi vizuri, kula bila kupaliwa, kuchagua kwa macho kati ya vitu viwili, na kucheka na dada zake, na kila mojawapo ya mambo hayo linafundishika.

Kwa mtoto wa namna hiyo, kiti ndicho mchezo wa kwanza. Mtoto aliyelazwa chali kutwa anaona mabati ya paa, na mwili wake unajifunza kukaza kwa nyuma. Kiti cha kona kinaweza kutengenezwa kwa makatoni na karatasi zilizobandikwa safu juu ya safu kwa uji mzito wa unga wa muhogo, ufundi uliosambaa kutoka Zimbabwe na ambao hauhitaji msumari hata mmoja. Kikikauka vizuri kinabeba uzito wa mtoto kwa miaka kadhaa. Tatizo letu Bukavu ni huko kukauka, maana mvua hutushika tangu mwezi wa tisa hadi wa tano, na safu iliyobandikwa juu ya nyingine mbichi huoza ndani. Wakati wa mvua kikausheni jikoni, karibu na mbabula lakini si juu yake, kisha kipakwe rangi ya mafuta. Kiti kimkunje mtoto kwenye nyonga na magoti, miguu ikanyage kitu, na mbele yake kuwe na meza ndogo ambapo mikono inakutana.

Ni kwenye kiti hicho anapaswa kulishwa. Nawasihi sana akina mama na akina dada: msimlishe mtoto amelala, kichwa kikiwa kimeanguka nyuma. Najua chakula kinashuka haraka namna hiyo, na najua mnavyochoka. Kinashuka haraka kwa sababu mtoto hana uwezo wa kukizuia, na sehemu yake huingia mapafuni, kisha tunaanza kuhangaika na kikohozi kisichoisha na kudhani ni baridi ya usiku. Aketi wima, kidevu kikielekea kifuani kidogo, anayemlisha awe mbele yake na chini kidogo ya macho yake, bugali ilainishwe kwa mchuzi wa sombe au wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kijiko kingoje mpaka amemeza. Kungoja huko ndiko mahali pa mchezo: muulize kwa kijiko, jifanye unakula wewe, mwache afungue mdomo kwa hiari yake.

Sasa nifike kwenye familia, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunakubali kwa mdomo tu. Kumweka jamaa katikati ya tiba si kumpa mama karatasi yenye mazoezi kumi na kumwambia ayafanye asubuhi na jioni. Mama mwenye watoto sita na soko la kuwahi akipewa karatasi hiyo ana njia mbili, kutoyafanya, au kutudanganya kwamba ameyafanya, na njia ya pili ina adabu zaidi. Kumweka jamaa katikati ni kuanza na swali lao.

Huwa nauliza, "Mama, katika siku yenu ya nyumbani, ni kazi gani ya mtoto huyu inayokuchosha kuliko zote?"

Mara nyingi kwanza hujibu, "Muganga, nataka atembee." Nami nasema hilo nimelisikia, naliandika, lakini kesho asubuhi itakuwaje? Hapo ndipo anaposema, "Kumuogesha. Nikimmwagia maji anakaza kama mti, ananiponyoka, na mgongo wangu umekwisha."

Hilo sasa ni lengo. Kuna kipimo cha ergoterapia kutoka Kanada ambapo mzazi hutoa alama kati ya 1 na 10: jambo hili lina uzito gani kwake, linafanyika vizuri kiasi gani leo, na yeye anaridhika kiasi gani. Kwa asiyesoma tunatumia punje kumi za mahindi mezani, anasukuma anazotaka. Kisha tunamwogesha mtoto pamoja na mama, palepale. Maji yawe ya vuguvugu, mtoto aingie polepole kuanzia miguu, akunjwe magoti na nyonga ndani ya beseni, kikwembe kilichokunjwa kiwe nyuma ya mgongo, na apewe kikopo chenye tundu chini ili atazame maji yanavyochuruzika. Mwili uliokunjwa na macho yaliyo na kazi haukazi sana. Baada ya majuma machache tunazileta tena punje kumi, na mama mwenyewe anasukuma na kuona tofauti. Sijapata kuona chati ya hospitali inayomshawishi mama kuliko punje alizozihesabu kwa mkono wake.

Na tusimsahau mama katika hesabu hiyo. Mgongo wake ni sehemu ya mpango. Uchovu wake ni habari ya kitabibu. Kama dada wa miaka 10 anaweza kufanya mchezo wa maji kwa robo saa huku mama akipumzika, basi dada ndiye atakayefundishwa, mradi asikose shule kwa sababu hiyo. Watoto wenyewe ni waganga wa ajabu: wanajua kumfanya ndugu yao kipa katika mpira wa mifuko ya plastiki akiwa ameketi, au mwuzaji katika duka la mchezo, bila kufundishwa na mtu. Wakubwa ndio wanaowafukuza kwa kuogopa kwamba watamwumiza.

Akina baba, nimewaona mko watatu, na nawashukuru hao watatu. Wengi wenu mnalipa gharama na kubaki mlangoni. Watoto wengi hupenda michezo yenye nguvu, kurushwa, kupanda mabegani, kusukumwa, na kwa mtoto ambaye ana ruhusa ya michezo hiyo hakuna anayeiweza kama baba. Tena kuna maneno yanayosemwa kwenye ukoo ambayo baba akinyamaza yanakuwa sheria: kwamba ulemavu umetoka upande wa mama, kwamba ni laana, kwamba mtoto ni mchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na inatoa adhabu. Mbele ya wazee wa ukoo, lakini, sauti ya baba hufika haraka kuliko sheria.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani mchezo unatosha kwa kila kitu. Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hazinyooki kwa mchezo. Zinahitaji njia ya Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani: plasta inayobadilishwa kila juma, mara nyingi kati ya 5 na 7, kisha kwa wengi mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu vyenye upau. Viatu hivyo huvaliwa takriban saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, halafu usiku na wakati wa usingizi wa mchana mpaka mtoto afike karibu miaka 4. Daktari anamaliza kazi yake katika majuma machache, na miaka inayofuata yote iko mikononi mwa jamaa. Miguu mingi inayorudi kupinda inarudi kwa sababu viatu viliachwa mapema, mtoto alipoonekana amepona. Kadhalika mtoto asiyetembea anahitaji picha ya nyonga mara kwa mara hata kama haumwi, na mwenye kifafa asiachishwe dawa eti kwa kuwa mazoezi yameanza. Vifaa kama viungo vya bandia, viatu na mikongojo vina mafundi wake. Kituo cha Heri Kwetu hapa mjini na kile cha Shirika la Umoja huko Goma vimewahudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi.

Kwa viongozi walio hapa nina maneno machache. Haki ya kucheza imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria ya kulinda watu wanaoishi na ulemavu, nambari 22/003. Karatasi hatuna upungufu nazo. Tunachokosa ni njia ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Mitaa ya Kadutu hapa mjini ni ngazi na mitaro, na mvua ikinyesha hata mzima anashuka kwa kujishika ukutani. Kabla ya kugawa viti vya magurudumu mbele ya kamera, tumeni mtu akaangalie nyumba ya mtoto iko wapi. Wakati mwingine kinachohitajika ni kiti cha katoni ndani, mbeleko imara mgongoni, na ujirani wa shule, na gharama yake haifiki robo.

Kwenu wanafunzi: mkianza mafunzo ya vitendo hospitalini, katika ziara ya kwanza msimchukue mtoto kutoka mikononi mwa mama. Ketini chini, mwacheni mtoto mgongoni au mapajani, mwulizeni mama anavyocheza naye nyumbani, na mtazameni akicheza. Mtaona mengi zaidi katika dakika hizo kuliko kwenye meza ya uchunguzi ambapo mtoto analia. Mwambieni ziara ijayo aje na kitu kimoja cha nyumbani ambacho mtoto anakipenda, hata kikiwa kifuniko cha sufuria, na mfanye kazi na kitu hicho. Midoli mizuri ya hospitali ina kasoro moja: haiendi nyumbani.

Niliyoandaa yameishia hapo. Nje nimewaweka wenzangu wawili na makatoni, unga uliokwisha kupikwa na mikasi, na atakayependa kujifunza kiti cha kona anaweza kukaa nao mpaka jioni. Kwa sasa naomba maswali yaanze na akina mama walioketi nyuma na watoto mgongoni, kwa sababu wao ndio wenye njia ndefu ya kurudi, na wingu hili la upande wa ziwa nadhani nyote mmeliona.